Kolamu ya Mke Mmoja

Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi mapema, kwa sababu nikifika katikati hamtakuwa na hamu. Mimi ndiye yule karani aliyemkana mama yake mzazi kwenye kipaza sauti, mchana kweupe, mbele ya watu wa skimu nzima. Kuna aibu za kawaida, mtu anateleza kwenye matope, suruali inapasuka mahali pabaya, na wiki haijaisha watu wameshasahau. Hii yangu imezeeka na mimi. Juzi tu hapo sokoni Nakuru mzee mmoja wa Ndabibi alinitazama, halafu akageuza macho haraka akaanza kubonyezabonyeza nyanya ambazo hakuwa na mpango wa kununua, nikajua amekumbuka.

Na yote ilianza na kolamu. Ndiyo, kolamu, mistari miwili ya penseli kwenye karatasi.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa ofisi moja ya ramani pale Nakuru, tai shingoni kila siku (hata Jumamosi, na hakuna mtu aliyeniomba), na nilikuwa nimetoka Nairobi kwa kozi fupi ya mashine za kadi. Siku hizo kompyuta haikuwa kitu cha kuweka mfukoni. Ilikuwa dude moja kubwa huko Nairobi, linalishwa kadi ngumu zilizotobolewa matundu, na kila shamba kwenye ramani ya skimu, yaani ile ardhi ya wazungu iliyokatwakatwa wakapewa wananchi, lilikuwa lipate kadi yake. Namba ya shamba iko kwenye ramani, namba hiyo hiyo iko kwenye kadi, ukitaka kujua shamba ni la nani na lina ekari ngapi na udongo gani, mashine inakutolea. Lakini ile mashine haijui kitu mpaka uiambie kwanza: kolamu hii ni ya tarakimu tupu, hii ni ya herufi, hii iwe na nafasi ya kutosha jina refu, hii lazima ijazwe, hii inaweza kuachwa wazi. Kuamua mambo hayo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na wacha niwaambie, nilitembea pale ofisini kama ile ardhi yote nimeiumba mimi.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Wafula, mtu mpole, mzee wa kanisa, ana pete ya ndoa nene ambayo alikuwa akiizungusha akifikiria. Siku ya kupitisha mpango wangu alikaa kando yangu tukapitia kolamu moja moja. Namba ya shamba, sawa. Ekari, tarakimu na nukta, sawa. Udongo, herufi moja, sawa. Jina la mwenye shamba, sawa. Akafika kwa jina la mke, akasimama, akazungusha pete.

“Njoroge, hapa kwa mke umeweka nafasi ya mmoja tu. Na wale wenye wawili?”

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu ni hapa nilipoharibu. Baba yangu alikuwa na wake wawili. Mama Mkubwa ndiye wa kwanza, nyumba yake juu karibu na barabara, na mama yangu mimi ndiye wa pili, nyumba yake huko chini karibu na kijito, na shamba letu lilikuwa ndani ya skimu hiyo hiyo tuliyokuwa tunaitengenezea kadi, upande wa Ndabibi. Lakini pale ofisini hakuna aliyejua. Mimi nilisomea misheni, na kule misheni boma kama letu lilikuwa linazungumziwa vibaya sana, mpaka nikazoea kusema “nyumbani” na kunyamaza hapo. Nikaangalia ile pete ya Bwana Wafula. Nikaona nikisema wapo, tena wengi, hata kwetu wapo, atanitazama tofauti. Basi nikacheka. Nilicheka, jamani!

“Mzee, hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi watu wa skimu ni mke mmoja. Na kule kozi tulifundishwa hivyo, nafasi moja, kitu kimoja.”

“Una hakika? Wewe ndiye mtu wa huko.”

“Nina hakika kabisa, mzee.”

Akatia sahihi, mimi nikaenda kunywa chai na mandazi, na chai ikashuka vizuri.

Msifikiri hiyo kolamu ilikuwa ya mapambo. Masharti ya skimu yalisema mke aliye kwenye kadi ndiye ataonyeshwa mipaka pamoja na mumewe, na mzee akiondoka duniani, yeye ndiye mwenye haki ya kubaki kwenye shamba bila kusumbuliwa. Asiye kwenye kadi, basi, ni huruma ya watu tu.

Na mama yangu alijua hayo masharti kuliko hata mimi. Huyo mama alichuma maua ya pareto kwenye ardhi ile wakati bado ni ya mzungu, mimi nikiwa mgongoni, baridi ya asubuhi ya kule mnaijua nyinyi. Aliposikia mtoto wake yuko kwenye ofisi inayoandika mashamba alienda nyumba kwa nyumba akitangaza. “Ni Baba mwenyewe atasoma jina langu,” aliwaambia. (Alikuwa akiniita Baba, kwa sababu mimi ni mtoto wa pili na kwetu mtoto wa pili wa kiume anapewa jina la baba yake mama. Tangu nikiwa natambaa, nikikojoa kitandani, nikichapwa, ni Baba. “Baba, kuja ule.” “Baba, nitakupiga wewe.”) Alienda Naivasha kwa duka la Mhindi akanunua kitambaa cha maua ya bluu, akashonewa gauni, na akaliweka kwa sanduku akingojea hiyo siku.

Ile orodha iliporudi kutoka Nairobi, karatasi ndefu iliyokunjwakunjwa, kitu cha kwanza nilitafuta shamba letu. Jina la baba lipo. Jina la Mama Mkubwa lipo. Na hapo mstari umeisha, unaenda kwa jirani. Nilijua itakuwa hivyo, mimi ndiye nilisema iwe hivyo, lakini kuiona imepigwa chapa ni kitu kingine. Nikashika penseli niandike jina la mama pembeni, nikakumbuka Bwana Wafula amesema hakuna mtu kugusa karatasi ya mashine, nikarudisha penseli. Nikajiambia nitaenda nyumbani Jumapili nimweleze mama polepole. Jumapili ikafika mvua ikanyesha. Ile nyingine nikasema nina mafua. (Sikuwa na mafua.)

Siku ikafika. Uwanja ulikuwa umejaa, watu wamekaa kwenye nyasi, mlima wa Longonot unaonekana huko mbali hauna wingu hata moja, na mbele kuna meza yetu, ramani kubwa imebandikwa kwenye ubao, na mimi na tai yangu nimepewa kipaza sauti. Hicho chombo tulikikodi kwa Mohinder, kijana wa Kisikh aliyekuwa na duka la redio Nakuru na alizoea kupeleka vipaza sauti kwa harusi. Alifunga spika moja kwenye mti na nyingine juu ya gari lake, akaja akaniambia, “Bosi, nimefungulia. Usiguse hii swichi tena, ukiizimazima betri itatusumbua. Wewe ongea tu.” Nikamwambia sawa.

Wa kwanza kwanza walienda vizuri. Nasoma namba ya shamba, mume na mke wanakuja, Bwana Wafula anawapa kadi, wanaonyeshwa kwenye ramani walipo, watu wanapiga makofi. Halafu nikamsoma mzee mmoja na mke wake, na akasimama na wake watatu. Wote watatu wakaja mbele wamepangana, wamejipaka mafuta, mdogo ana mtoto mgongoni. Mimi nikasema kwenye kipaza sauti, “Mmoja tu. Mmoja tu aje.” Watu wakacheka sana. Yule mzee akauliza, “Hao wengine niwapeleke wapi, niwarudishe kwao?” Wakacheka zaidi. Mama mmoja huko nyuma akapaza sauti, “Hiyo mashine yenu imebatizwa?” Hata Mohinder alicheka.

Lakini kicheko hakikukaa. Mwingine akaitwa, hivyo hivyo. Na mwingine. Sasa akina mama walioachwa wakaanza kusimama, na sauti zao hazikuwa za mchezo tena, mmoja akawa analia wazi, anauliza hizi mimba zake zote alizibeba kwa shamba la nani. Bwana Wafula akanivuta kando, mbali na kipaza sauti, anazungusha ile pete, akaninong'oneza.

“Njoroge, si ulinihakikishia hakuna?”

“Ni hawa wachache tu, mzee,” nikasema. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye tai. “Waliobaki hakuna shida.”

Nikarudi kwa kipaza sauti, nikageuza karatasi, na shamba lililofuata lilikuwa letu.

Nilisoma haraka haraka, jina la baba, jina la Mama Mkubwa, nikataka kuruka kwenda kwa linalofuata. Wakaja wote watatu. Baba mbele na kofia yake, Mama Mkubwa amemshika mama yangu mkono kama wanaenda kanisani, na mama na lile gauni la maua ya bluu, anacheka kwa meno yote, anawapungia wenzake. Hakuwa amesikia vizuri nilivyosoma. Alidhani jina lake linakuja.

Bwana Wafula akamtazama, akanitazama mimi. Hakuwa na ukali, alikuwa amechoka tu. “Na huyu mama je? Huyu ni nani?”

Ningesema nini? Nikisema ni mama yangu, nimejianika kwamba nilimdanganya siku ile, nikamdanganya tena sasa hivi, na kazi nayo imeenda na tai yake. Hivyo ndivyo nilivyofikiria, na kufikiria kwenyewe hakukuchukua muda wowote. Nikasema, na nilisema polepole, kwa nia ya kumnong'oneza yeye peke yake:

“Huyu ni mama mmoja tu wa hapo karibu, mzee. Ni jirani.”

Ile swichi ilikuwa wazi. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye mti, halafu ikitoka juu ya gari la Mohinder, “ni jirani,” nzuri kabisa, safi, kila mtu akaipata mpaka waliokuwa wanachunga ng'ombe huko ng'ambo ya kijito.

Nyinyi hamjasikia uwanja umejaa watu na hakuna anayekohoa. Wote pale walinijua. Walinijua nikiwa sina suruali. Mama alikuwa bado ameinua mkono wa kupunga, akaushusha pole pole akaushika na ule mwingine.

Baba ndiye alianza. Akavua kofia, akaja mpaka mezani, na kile kipaza sauti kikawa kinamchukua na yeye pia. “Wewe. Umesema mama yako ni jirani? Mimi nilioa huyu mwanamke kwa ng'ombe, nilioa mchana, na wewe ulitoka hapo ndani. Rudia tena nisikie.”

“Mama yako?” akauliza Bwana Wafula. Akaacha kuzungusha pete. Aliniangalia, nikaangalia ramani. Basi akamgeukia mama mwenyewe, kwa heshima. “Mama, huyu kijana ni wako?”

Mama akanitazama. Alitazama uso, akatazama tai, akatazama hata hiyo meza na makaratasi yake, na mimi najua alichokuwa anapima, kwa sababu alichuma pareto miaka mingi ili mimi nikae kwenye meza kama ile. Mimi nilikuwa naomba kwa moyo wangu wote aseme ndiyo. Au aseme hapana, sijui, mpaka leo sijui nilikuwa naomba nini.

“Hapana, mzee,” akasema. “Mimi ni jirani tu. Huyu kijana hajakosea.”

Akageuka akarudi kwa nyasi, akakaa, akafunika magoti vizuri na lile gauni jipya. Mama Mkubwa alimwita mara mbili na hakuinuka. Baba alichukua kadi bila kuiangalia. Bwana Wafula, ambaye hakuwa mjinga, akasema tuendelee, na nikaendelea, jamani, nikasoma mashamba yaliyobaki yote mpaka mwisho na sauti yangu ikitoka kwenye mti.

Nilirekebisha. Hilo niliseme nisije nikaonekana sikufanya kitu kabisa. Nilienda kwa Bwana Wafula nikamwambia ile kolamu ya mke itolewe kwenye kadi ya shamba, tufanye kadi nyingine za wake peke yao, kila mke kadi yake, na kila kadi ibebe namba ya shamba ili zishikane, mzee awe na mmoja au awe na watano. Alisikiliza, akasema hilo ni wazo zuri, na hakuniuliza lingine lolote, na ingekuwa afadhali angenitukana. Makarani wakatumwa skimu nzima na kadi mpya. Wale watatu wa yule mzee wakaandikwa. Yule aliyelia akaandikwa. Walipofika kwetu huko chini karibu na kijito, mama aliwapikia chai, akawaambia hana la kuandikisha.

Nilikimbia nyumbani niliposikia. Nilimkuta anapalilia kabichi. Nikamwambia mama, tafadhali, kubali waandike, nitaenda mwenyewe kwa Bwana Wafula nimweleze yote, anifukuze akitaka.

“Nilishasema mbele ya watu,” akajibu, na jembe halikusimama. “Nikigeuza maneno, wewe utakuwa mwongo kwa mkubwa wako, na itabidi akuandike mwongo. Kazi haipatikani. Rudi kazini, Karani.”

Karani. Nilidhani ni hasira ya siku hiyo. Krismasi ikafika, “karibu Karani.” Nikaoa, akambariki mke wangu, akacheza na wenzake, akanipa kuku, “chukua Karani.” Hakuninunia hata siku moja, na mtu asiyetujua angeona mama na mtoto wanapendana sana. Lile gauni sikuliona tena.

Baba alipofariki, kadi ilisema ilichosema. Mama Mkubwa, Mungu amrehemu, alimwambia mwenzake kaa hapo ulipo, hakuna atakayekugusa. Lakini wanawe walikuwa wamekua, walikuwa wameanza kulipima shamba kwa macho, na mama hakuwa mtu wa kungojea aambiwe. Alifunga vyungu vyake na blanketi, akaenda kwa kaka yake, kijiji cha Longonot, akapewa chumba kimoja karibu na reli. Mimi nilimwomba aje Nakuru kwangu. Alisema mjini hakuna mahali pa kupanda kabichi.

Kazi niliendelea nayo miaka mingi, nikapanda cheo, nikapanga kolamu za kila aina. Niliapa, na kiapo hicho nimekishika, sitaweka nafasi ya mtu kwenye kadi kabla sijaenda kukaa kwenye nyumba za hao watu nikanywa chai yao. Vijana wa ofisini walikuwa wananicheka, ati mzee anapoteza wakati na chai. Sikuwaambia sababu. Na kipaza sauti sijashika tena, hata kwa harusi ya mtoto wangu walininyooshea nikatoka nje.

Lakini nirudi nyuma kidogo. Ile miaka ya sabini ikiwa inaisha nikaitwa, mama ameletwa hospitalini, kifua. Nilimkuta kwenye wodi ya kina mama, saa ya kuona wagonjwa, amekuwa mdogo kwenye kile kitanda, macho amefumba. Sista mmoja kijana akaja na kalamu, anauliza maswali yake ya kawaida, jina, anatoka wapi, amekula nini. Halafu akaniangalia nilivyovaa (tai, bado) akauliza, bila neno baya lolote, “Na wewe ni nani wake?”

Sijui ni nini kilinitoka. Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka, mama mmoja akaangusha kikombe. “Mimi ni mtoto wake! Huyu ni mama yangu! Alinizaa mimi! Andika hapo!”

Mama akafumbua macho. Akanitafuta kwanza, hakuwa anaona vizuri tena, akanipata.

“Punguza sauti, Baba,” akasema. “Watu ni wagonjwa hapa.”

Nikakaa chini kwenye kiti cha wageni nikamshika mkono. Nikapunguza sauti kama nilivyoambiwa, lakini niliendelea kusema, polepole, huyu ni mama yangu, huyu ni mama yangu, mpaka yule sista akanigusa begani akaniambia basi, mzee, nimeshaandika.